Sifuri ya Ghorofa ya Nne

Shirika la treni za mjini lilikuwa na ghorofa mbili na sifuri mbili. Ghorofa ya tatu walikaa watu wa reli, ghorofa ya nne watu wa vituo, na katikati palikuwa na ngazi ambazo hakuna aliyezipita kwa hiari tangu ule ugomvi wa friji. Friji yenyewe ilinunuliwa kwa mchango wa ghorofa zote mbili, ikawekwa juu kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na soketi nzima. Siku moja watu wa chini wakapanda kufuata maji ya baridi, wakaikuta ina kufuli. Salamu zikakatika hapo hapo. Watu waliokuwa wakialikana harusini wakaanza kuandikiana barua rasmi, na barua ya kutoka ghorofa moja kwenda nyingine ilipitia masijala, ikaenda kwa katibu, ikalala kwa mkurugenzi, ikarudi masijala, ikafika imechoka kuliko aliyeiandika.

Milimita alikuwa mhandisi wa ghorofa ya nne, na kazi yake ilikuwa majukwaa, pale abiria wanaposimama kusubiri treni. Jina hilo alibandikwa na mafundi kwa sababu ya tabia yake ya kupima, kupima tena, halafu kuomba tepu ya mtu mwingine apime upya. Aliwahi kumvunjisha fundi ukingo mzima wa jukwaa kwa tofauti ambayo hata mchwa asingejikwaa nayo. Mzembe akikosea, watu husema si mnamjua yule. Milimita alikosea shubiri nzima.

Ilikuwa hivi. Kila anayejenga huchagua mahali pa kuanzia kupima, na hapo ndipo panapoitwa sifuri. Kwa ghorofa ya tatu sifuri ilikuwa mgongo wa reli, pale gurudumu linapokanyaga. Ghorofa ya nne walipoanza kumwaga zege la majukwaa, reli zilikuwa bado melini. Chini palikuwa na mataruma tu, yale magogo ya zege ambayo reli hulazwa juu yake, nao wakapima kuanzia kwenye kile walichokiona. Mchoro ulisema jukwaa liwe na kimo kadhaa kutoka sifuri. Sifuri ipi, mchoro haukusema, maana aliyeuchora aliona hakuna mwenye akili timamu angeuliza.

Milimita alitaka kuuliza. Asubuhi ya zege la kwanza alimfuata mkuu wake, mtu mnene aliyejulikana kama Bosi wa Juu, ambaye ufunguo wa friji aliuning'iniza shingoni pamoja na kitambulisho.

"Bosi, naomba niteremke mara moja kwa wale wa chini. Niwaulize tu sifuri yao wameiweka wapi."

"Uteremke?" Bosi wa Juu alimtazama kama mtu aliyeomba ruhusa ya kwenda kujitupa mtoni. "Yaani tukaombe sifuri kwao? Kesho tutaomba nini, chumvi? Wewe mwaga zege."

Akamwaga. Ngazi zenyewe zilikuwa chache, na Milimita alikuwa na miguu yote miwili mizima. Aliogopa kuonekana anateremka, basi. Akamwaga zege kituo cha kwanza, cha pili, mpaka cha mwisho, na kila jukwaa likatoka limenyooka vizuri, limelingana na jirani zake, na lote ni kosa.

Nyumbani alikuwa na mama yake. Mama alikuwa fundi cherehani wa miaka mingi hadi kiharusi kilipomwachia mikono na kumnyang'anya miguu. Tangu hapo alikaa kwenye kiti cha magurudumu, na ulimi wake ukawa mkali maradufu, kama vile nguvu za miguu zilihamia huko. Mama alikuwa na jambo moja lililomkaa kooni. Mdogo wake wa pekee alikuwa amejenga nyumba upande wa pili wa mji, na yeye, dada mkubwa, alikuwa hajaitia machoni.

"Kila siku yeye ndiye anakuja kwangu," alilalamika. "Anavua viatu vyake hapa, anakunywa chai yangu, anakwenda zake. Mimi kwake sipajui hata mlango umeelekea wapi. Huo ni undugu au ni kutembelea mgonjwa?"

Magari yalikuwepo, lakini magari yalitaka abebwe. Mara ya mwisho kubebwa, wanaume wanne walimpandisha basi mbele ya halaiki ya watu, mmoja akavuta huku, mwingine akavuta kule, nguo ikamvuka, na mji mzima ukaona ambacho marehemu mumewe peke yake ndiye aliyewahi kukiona. Siku hiyo Mama aliapa. "Sibebwi tena mpaka siku ya jeneza. Hapo mtanibeba mnavyotaka, sitakuwa na la kusema."

Ndipo Milimita, kijana mwema aliyejua kazi yake, akamwahidi. Treni ikija, sakafu ya behewa na jukwaa vitakuwa sawasawa kama sakafu ya sebuleni. "Utaingia mwenyewe, Mama. Utashuka mwenyewe kwa Mama Mdogo. Hakuna atakayekugusa."

Habari hiyo ilimfikia Afisa Uhusiano wa shirika, dada mmoja mchangamfu ambaye aliweza kuligeuza jambo lolote kuwa bango. Akaja na mpiga picha, akampiga Mama picha akiwa kwenye kiti chake, akatabasamu, na baada ya siku chache mji mzima ulijaa uso wa Mama ukiwa mkubwa kuliko mlango wa duka: TRENI YA WOTE. Ikaamuliwa kwamba siku ya uzinduzi, baada ya mgeni rasmi, abiria wa kwanza atakuwa yeye.

Siku chache kabla ya uzinduzi, treni ikafika. Ikaingia kituo kikuu polepole, inang'aa, mabosi wakiwa wamesimama wakipiga makofi. Milango ikafunguka. Makofi yakapungua kidogo kidogo kama mvua inayokata. Sakafu ya treni ilikuwa juu, jukwaa lilikuwa chini, na tofauti ilikuwa kimo cha reli kamili, shubiri moja ya mtu mzima. Milimita alijitia kuchuchumaa afunge kamba za viatu. Viatu vyake havikuwa na kamba.

Kikao kiliitishwa siku hiyo hiyo, na kwa mara ya kwanza tangu ugomvi wa friji ghorofa mbili zikakaa meza moja. Bosi wa Chini, mkuu wa watu wa reli, mwembamba mwenye kikohozi cha madaha, alianza yeye.

"Reli ziko zinapotakiwa kuwa. Sifuri yetu ni ya kimataifa."

"Na yetu ni ya tangu mwanzo," alijibu Bosi wa Juu. "Sisi tulikuwa pale kabla ya reli. Aliyekuja nyuma ndiye anayepaswa kubisha hodi."

"Taruma si sifuri!"

"Wewe utaniambia mimi sifuri? Wewe uliyeshindwa hata kununua friji yako?"

Mkurugenzi aligonga meza. Alikuwa mtu wa amani, na kwake amani ilimaanisha jambo lisifike kwake kabla ya kustaafu. Akaomba mapendekezo. Mmoja akasema treni itolewe upepo kwenye mifuko yake ya chini ili ishuke. Wakaeleza kwamba ikishuka hivyo haitatembea, na Mkurugenzi akauliza kama kutembea ni lazima siku hiyo hiyo. Mwingine akashauri mazulia yatandikwe moja juu ya jingine mpaka yafikie. Afisa Uhusiano akawasikiliza wote, halafu akafungua mikono kama anayepokea mtoto.

"Jamani, mbona mnaliita tatizo? Hicho ni kidato. Kidato cha Hadhi. Abiria wetu haingii tu kama anaingia chooni, anapanda. Tutaweka sauti kwenye spika: karibu, panda kwa hadhi."

Kikao kikapumua. Funika kombe mwanaharamu apite. Wakaamua kwamba mbele ya mlango wa mgeni rasmi patawekwa jukwaa dogo la mbao lenye zulia jekundu, tena lenye vidaraja, kwa sababu mgeni rasmi hupendeza zaidi kwenye picha akiwa anapanda kitu.

"Na mama yangu?" Milimita akauliza. "Naomba basi nitengeneze ubao. Ubao mmoja tu wa mteremko, kiti kipande."

"Ubao!" Afisa Uhusiano alishika kifua. "Mbele ya kamera? Wataandika tumejenga banda la kuku. Mama atainuliwa na vijana wetu wenye sare. Wamefanya mazoezi, wanatabasamu vizuri sana."

"Mama habebwi."

"Atabebwa kwa heshima," Mkurugenzi akasema, na kikao kikafungwa.

Jioni ile Milimita alirudi nyumbani akiwa amepanga maneno. Alimkuta Mama kwenye korido. Alikuwa ameweka ufito mwembamba sakafuni, na alikuwa akiuvuka kwa kiti chake, anakwenda, anarudi, anakwenda. Juu ya kitanda palikuwa na gauni jipya la rangi ya machungwa alilolishona mwenyewe, upindo ameupandisha kidogo usije ukanasa kwenye magurudumu.

"Nimefuzu," Mama akasema, jasho linamtiririka. "Huo ufa wa kati ya treni na jukwaa ni mpana kuliko huu ufito?"

"Hapana, Mama. Ufa ni mdogo."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo pekee alilolisema. Akaingia chumbani kwake akakaa kitandani na viatu miguuni. Alijiona mnyonge kupita kiasi, na alikuwa mnyonge kweli.

Siku ya uzinduzi jukwaa lilijaa viti vya kukodi, maua ya kukodi, na watu wengine ambao nao walionekana kama wa kukodi. Mshereheshaji alishika kipaza sauti kwa mkono mmoja na ratiba kwa mkono mwingine, na ratiba hiyo hakuiacha hata kwa kupiga chafya. Mgeni rasmi alipanda vidaraja vyake, akasimama mlangoni mwa behewa, akapunga. Mama alikuwa ameletwa mbele ya mlango wa pili, gauni linawaka, kipaza sauti kidogo kimebanwa kwenye ukosi ili shukrani zake zisikike mpaka mtaani. Vijana wenye sare wakamsogelea, meno nje.

"Hawa wanataka nini?" Mama akauliza, na spika zote zikauliza pamoja naye.

"Tukusaidie, bibi."

"Simameni hapo hapo mlipo."

Akayashika magurudumu, akajisukuma. Magurudumu ya mbele yakagonga ubavu wa treni: tko. Sauti ikatoka kwenye spika kubwa kama mtu anayebisha hodi kwa mji mzima. Mama akarudi nyuma, akaupima mlango kwa macho, akaja kwa kasi zaidi. Tko.

"Na sasa," mshereheshaji akasoma, macho kwenye karatasi, "mama yetu anaingia mwenyewe ndani ya treni ya wote! Makofi!"

Watu wakapiga makofi. Wakapiga kwa nguvu, wengine wakasimama, na Mama akiwa nje, mbele ya ukuta wa shubiri moja, anawatazama wanaomshangilia kwa jambo alilokuwa hajalifanya. Halafu akamgeukia mwanawe.

"Mwanangu, mbona haiingii?"

Mkurugenzi, nyuma ya maua, alikuwa akimwonyesha Milimita kwa vidole: funika hicho kipaza sauti. Milimita alikiona. Aliona hata taa yake nyekundu. Akainama mpaka mdomo wake ukawa karibu na ukosi wa mama yake.

"Mama, jukwaa liko chini. Tulipima vibaya. Nilitaka kuuliza, nikaogopa. Na tangu treni ifike najua huwezi kuingia, nikashindwa kukwambia."

Makofi yakafa. Mgeni rasmi akashuka kidaraja kimoja. "Liko chini? Limekuwaje chini?"

"Sifuri yao!" akaruka Bosi wa Chini.

"Yao hao!" akajibu Bosi wa Juu, ufunguo wa friji unaruka kifuani.

Mgeni rasmi hakujua sifuri inagombewaje na watu wazima, lakini kamera alizijua. Akanyoosha kidole chini. "Kituo hiki kirekebishwe mara moja!" Makofi yakarudi, safari hii bila ratiba. Milango ikafungwa, treni ikaondoka na mgeni rasmi, na mama wa mabango akabaki jukwaani na bango lake nyuma yake.

Milimita alikisukuma kiti cha Mama mpaka nyumbani. Mama alisema walipofika mlangoni. "Kukosea ungekosea, kila mtu anakosea. Lakini uliniona navuka ufito wangu pale, ukaniacha nivuke." Milimita alilia, naye Mama alimwacha alie mpaka akatosheka.

Shirika halikumfukuza. Lilimpandisha cheo. Akawa Mratibu wa Sifuri, mtu pekee katika idara yake, na meza yake ikawekwa pale ngazi zinapopinda kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, ambako watu wa juu hawakumsalimu kwa kuwa alikuwa msaliti, na watu wa chini hawakumsalimu kwa kuwa alikuwa wa juu. Kila aliyepita na ndoo ya maji alimmwagia kidogo. Akiwa hapo aliandika kwamba majukwaa yote yako chini, ya mji mzima, si la kituo kikuu tu. Mkurugenzi akamwita.

"Agizo ulilisikia kwa masikio yako. Kituo hiki. Shirika halitekelezi agizo zaidi ya agizo."

"Basi naomba ubao, kila kituo ubao mmoja."

"Andika barua. Ipitie masijala."

Kituo kikuu kikavunjwa, kikanguruma kwa nyundo za umeme majuma kadhaa, kikainuliwa. Milimita alipima mwenyewe kutoka mgongo wa reli, na fundi mmoja akamshika bega akamwambia inatosha, bosi, reli itakwisha kwa kupimwa. Jioni hiyo alimweleza Mama yote bila kuficha: hapa utaingia, huko kwingine kote huwezi kushuka.

Mama akajibu. "Kuingia nitaingia. Ya kushuka tutayajua huko huko. Mpigie mdogo wangu simu, mwambie nakuja."

Wakaenda siku ya kawaida, kati ya watu wenye vikapu na watu wenye haraka. Mama alivaa lile gauni la machungwa. Mlango ulipofunguka alijisukuma mara moja tu, magurudumu yakapita juu ya ufa bila kusikika, akawa ndani. Hakuna aliyepiga makofi. Mtu mmoja alimwomba asogee kidogo ili naye apite, na Mama alifurahia kuombwa hivyo kuliko hotuba zote za uzinduzi.

Kituo cha mwisho, mlango ulipofunguka, Mama Mdogo alikuwa amesimama pale amenyoosha mikono, chupa ya chai miguuni pake. Kati yao palikuwa na ile shubiri. Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka, lakini wahenga hawakupanda treni hii. Vijana wawili wakajitolea kumshusha.

"Msinishike," Mama akasema.

"Dada, tafadhali. Ni hapa tu. Nyumba iko hapa tu nyuma!"

"Nimesema sibebwi. Wewe una miguu, panda wewe."

Mlio wa kufunga milango ukaanza. Mama Mdogo akakamata chupa yake, akapanda kwa hadhi kama spika zilivyomwelekeza, akaketi ubavuni kwa dada yake huku anahema. Treni ikageuza. Ilipoanza kukata kona akanyoosha kidole dirishani.

"Lile paa la kijani, unaliona? Karibu na tangi la maji. Ndiyo pale."

"Liko wapi? Sijaliona."

"Limeshapita."

"Basi tukirudi nionyeshe tena."

Wakaenda kituo kikuu, wakarudi. Wakanywa chai kwenye kifuniko cha chupa, wakawasengenya ndugu wa upande wa baba mmoja baada ya mwingine, na kila kona ile ilipofika walinyamaza wote wawili wakatazama paa la kijani mpaka likapotea. Milimita alisimama mlangoni, ameshika nguzo, hakuweza kuwatazama muda mrefu. Jua lilipozama wakamrudisha Mama kituo kikuu, mahali pekee katika mji mzima ambapo angeweza kushuka. Akashuka mwenyewe.

Afisa Uhusiano hakosi kitu. Kamera za behewa zilikuwa zimewanasa ndugu wawili wanacheka, kifuniko cha chai kati yao, siku nzima ndani ya treni, na kabla juma halijaisha mabango mapya yalitundikwa vituo vyote, hata vile vya shubiri: RAHA MPAKA HUTAKI KUSHUKA. Mkurugenzi alipita pale ngazi zinapopinda, kwa mara ya kwanza tangu meza iwekwe, akampa Milimita mkono na bango moja la kupeleka nyumbani.

Milimita hakutaka kulificha. Kuficha alikwisha kukoma. Akalikunjua mezani mbele ya mama yake, akamsomea maneno yake. Mama alilitazama kwa muda, akampongeza mpiga picha kwa kuwa safari hii gauni lilionekana vizuri. Kisha akalikunja tena, polepole, upande kwa upande kama anayekunja kitambaa cha mteja, akamrudishia.

"Kuingia umeniingiza, mwanangu, Mungu akubariki," akasema. "Sasa nishushe."